Mtani Aliyeninong'oneza

Usiku ule wa Alhamisi sikulala kwa sababu ya swali moja: yule mzee wa getini alikuwa ananitania, au alikuwa ananiambia kitu? Kama ni utani, nilitakiwa kucheka na kusahau. Kama si utani, basi kazi niliyoitaka kuliko kitu kingine chochote ilikuwa na mlango wa nyuma, na mimi nilikuwa nimeonyeshwa mlango huo na kuambiwa nije peke yangu.

Mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Mama husema hata nikipewa chai naanza kutafuta aliyeichemsha alikuwa na nia gani. Lakini safari ile sababu nilikuwa nazo.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya uhandisi mitambo na kurudi nyumbani Unyambwa kukaa na mama. Wiki ya kwanza majirani walikuja kunipongeza. Baada ya hapo wakaanza kuniuliza kwa upole, kama wanavyomuuliza mgonjwa, kama nimeshapata chochote. Matangazo ya kazi za ufundi katika mkoa wetu wa Singida yapo, asikudanganye mtu, ila yana tabia zake. Lipo linalotaka kijana aliyetoka chuo sasa hivi, mwenye uzoefu wa miaka mitano. Lipo linalotoka leo wakati mwisho wa kupeleka maombi ulikuwa jana. Na lipo linalotaja sifa kwa undani kiasi kwamba unamwona kabisa yule aliyekwisha kuchaguliwa, mpaka shati alilovaa. Hilo tunasema kazi ina mwenyewe. Halafu kuna matangazo ambayo hata kazi yenyewe haipo. Kabla ya haya ninayoyasimulia, tuliwahi kuitwa usaili na kampuni ya kuchimba visima, upande wa Ikungi. Tulifika kundi zima, nguo zimepigwa pasi, bahasha kwapani, tukakuta kiwanja kina mbuzi na mzee mmoja anayewachunga. Alituuliza kama sisi ndio tuliotumwa kuja kuchanja mifugo.

Kwa hiyo tangazo hili lilipoingia kwenye kundi la simu la kwaya yetu, nililisoma kama mtu anayesoma mkataba wa kuuza shamba. Kiwanda kipya cha kukamua mafuta ya alizeti, njia ya kwenda Mwankoko, kinahitaji mafundi mitambo wawili. Wakazi wa hapa watapewa kipaumbele. Nakala za vyeti ziletwe getini kabla ya Alhamisi jioni, usaili wa vitendo ni Jumatatu saa mbili asubuhi. Nikajiuliza kwa nini wawili. Nikajiuliza kwa nini getini, mbona si kwa barua pepe kama kampuni nyingine. Nikampigia rafiki yangu wa Utemini, kijana niliyesoma naye sekondari, yeye akaenda chuo cha ufundi.

"Sasa unataka tangazo lije na mashahidi?" akaniuliza. "Kiwanda kipo. Mashine nimeziona kwa macho yangu zikishushwa kwenye lori. Peleka karatasi zako, acha kupekua."

Mwenye kiwanda alikuwa mama mmoja wa familia ya Kihindi yenye duka la vipuri mjini tangu wazazi wetu wakiwa watoto. Kila mwenye trekta au mashine ya kusaga anawajua. Hilo lilinituliza nusu. Nusu nyingine ikauliza: familia yenye wapwa na binamu wengi vile itamtafutia nini mtu wa nje?

Nikaenda Alhamisi, mchana. Palikuwa na foleni ya vijana nje ya geti, wanaume tupu isipokuwa mimi na msichana mmoja aliyesimama nyuma yangu, amevaa jinzi na kitambaa kichwani. Aliyekuwa akipokea karatasi ni msimamizi wa mafundi, mzee wa makamo mwenye koti la bluu la kazini, mcheshi, anamtania kila anayefika mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umemletea nani karatasi, kaka yako?"

"Ni zangu, baba."

Akasoma jina langu, akalirudia kwa sauti. "Hili jina la Unyambwa. Ukoo gani nyie?"

Nikamtajia ukoo wa baba. Alijipiga paja.

"Jamani, njooni muone. Watumwa wangu siku hizi wanasoma."

Hapo nikaelewa. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Mtani anaweza kukwambia lolote mbele za watu na huruhusiwi kukasirika. Unaruhusiwa kujibu tu, tena unatakiwa ujibu. Bibi yangu alipokuwa anakwenda kuzikwa, mtani mmoja wa ukoo huo alilala chali njiani mbele ya jeneza, akidai marehemu alimwahidi kuku na hatupiti mpaka alipwe. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Kuku akaletwa, mtani akainuka akijipangusa vumbi, tukaenda kuzika.

"Ile marahaba yangu nirudishie," akaendelea yule mzee. "Mke hamwamkii mume wake shikamoo. Wewe babu zako walishakuleta kwetu hata hujazaliwa, wakapewa bakuli la uwele wakaondoka wanalamba vidole."

Foleni nzima ikacheka.

"Na kazi hii ina mwenyewe, mke wangu. Rudi ukapepete nafaka. Mashine zetu zinakula vidole."

Nilitakiwa nimjibu. Msichana yeyote aliyekulia kwetu angemwambia kwamba mashine haziwezi kumaliza vidole kuliko ukoo wake ulivyomaliza panya wa mashambani, au jambo lolote la namna hiyo, hata la kijinga. Lakini nilikuwa nimetoka kuishi miaka ya chuo mahali ambapo watu wasiojuana husemezana kwa "samahani" na "naomba". Nikacheka tu, nikamnyooshea karatasi.

Akazipokea. Akasogea karibu kana kwamba anaangalia kitu kwenye cheti changu, na bila kuondoa lile tabasamu, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata msichana wa nyuma yangu hakuisikia:

"Jumatatu usije, utachoka bure na kundi hili. Njoo kwangu Jumapili jioni, peke yako. Nakaa jirani na mashine ya kusaga, ukiuliza utaonyeshwa. Tutaongea vizuri."

Kisha akapaza sauti: "Anayefuata. Tumwone na huyu, huenda naye mtumwa."

Nilirudi kwa miguu, ingawa bodaboda walinipigia honi njia nzima. Upepo ulikuwa unanisukuma mgongoni na mimi nilikuwa napangua yale maneno moja moja kama mtu aliyefungua mashine na sasa hajui vipande vinarudi wapi. Kama "kazi ina mwenyewe" ni utani, na "mke wangu" ni utani, basi na Jumapili ni utani. Ila utani gani una maelekezo ya nyumba? Labda alikuwa mtu mwema anayetaka kunipa siri za usaili kwa sababu ya ukoo. Ila kama ni wema, kwa nini peke yangu? Labda ndiyo ile habari tuliyoonywa wasichana wote chuoni, ambayo kila mmoja wetu aliisikiliza akidhani inamhusu mwenzake. Ila labda, nikajiambia, nina akili chafu na namdhania mzee wa watu.

Jioni nikampigia yule rafiki wa Utemini, aliyepeleka karatasi zake Jumatano.

"Wewe alikwambia uende lini?"

"Jumatatu saa mbili. Si imeandikwa?"

"Hakukutajia Jumapili?"

Akakaa kimya. Kimya kirefu.

"Mbona unanyamaza?"

"Natafuna."

"Unatafuna nini?"

"Karanga. Dada, sasa umeanza kunihoji mimi. Jumapili kuna nini?"

Nikasema hakuna kitu. Nilipokata simu nikaanza kumshuku na yeye. Nilijiuliza mtu anatafuna karanga muda wote ule kwa nini, na kama naye hajaalikwa na ananificha. Huo ndio usiku nilioutaja.

Asubuhi ya Ijumaa mama alikuwa uani anapiga alizeti kwa fimbo. Nikaketi kupepeta zilizokwisha kupigwa, nikamsimulia, lakini nusu tu: watumwa, bakuli la uwele, mke. Mama alicheka mpaka akaegemea fimbo.

"Enhe, ukamjibu nini?"

"Nilicheka."

"Ukacheka, halafu?"

"Basi."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia nimesahau jina langu. "Basi umeolewa. Mtani asiyejibiwa anahesabu amekubaliwa. Huko aliko anajua ana mke msomi." Akaendelea kupiga alizeti, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Chuo kimekuharibu ulimi, mwanangu. Deni la jibu unalo, na ukoo mzima utalisikia."

Nikaona nimwambie na nusu iliyobaki. Nilipofika kwenye Jumapili jioni, fimbo ilisimama.

"Hayo aliyasema kwa sauti?"

"Aliyanong'ona."

Mama alijipangusa mapepe mikononi, polepole, akaja kuketi karibu yangu.

"Utani haunong'onwi," akasema. "Utani ni wa watu wote wasikie, ndiyo maana hauna kosa. Akishanong'ona ametoka kwenye utani. Hapo ni mwanaume anasema na msichana."

"Labda anataka kunisaidia, mama."

"Labda. Na msaada nao unasemwa kwa sauti."

Akafikiri kidogo, halafu macho yakamng'aa. "Nitawaita shangazi zako. Jumapili tunakwenda wote. Mtani akimwalika mmoja amealika ukoo. Tunamkamatia kuku hapo hapo kwake, tunakula, tunarudi."

Hakuwa anatania. Niliwaona kabisa shangazi zangu, kanga kiunoni, wanakimbiza kuku uani kwa msimamizi wa kiwanda. Nikamwomba asifanye hivyo. Nilimweleza kwamba karatasi zangu ziko mikononi mwa mtu yule. Zinatoka kwake ndipo zifike kwa mwenye kiwanda. Nikimwaibisha kwake, Jumatatu zitafika mezani au hazitafika?

"Na usipokwenda kabisa," mama akauliza, "zitafika?"

Hilo ndilo lililonikaa kifuani siku zote zile. Nikienda kwake, huenda nikaipata kazi kwa njia ambayo sitaweza kuisimulia mbele ya mama. Nisipokwenda, naikosa. Na kazi yenyewe haikuwa ya mbali, haikuwa ya kubahatisha. Ilikuwa mashine zile zile nilizozisomea, umbali wa kutembea kutoka nyumbani kwetu, na sikujua lini ingetokea nyingine.

Jumamosi niliamua kuachana nayo. Baada ya chakula cha mchana nikaamua kwenda Jumapili, lakini nisimame nje ya mlango. Jioni nikaona kusimama nje ya mlango wa mtu ni upumbavu, maana mlangoni ndipo watu wanapokukuta na kukuhesabia umeshaingia. Jumapili tulikwenda kanisani, tukarudi. Jua lilipoanza kuteremka nilichukua ndoo nikaenda bombani, nikarudi, nikaona nikienda tena si vibaya, ingawa pipa lilikuwa limejaa. Niliporudi mara ya pili simu ilikuwa inaita juu ya kiti. Namba nisiyoijua. Namba yangu ilikuwa kwenye karatasi zile, imeandikwa wazi. Niliitazama mpaka ikanyamaza. Haikuita tena.

"Huendi?" mama akauliza.

"Siendi."

"Na kesho?"

"Kesho nakwenda."

Jumatatu geti lilikuwa wazi na ndani ya uwanja paliwekwa meza. Yule mama mwenye kiwanda alikuwa ameketi pale na kijana mmoja injinia, na nyuma yao, kwenye benchi la chuma, mota kadhaa zilizotolewa kwenye mashine zilikuwa zimepangwa zikisubiri kufunguliwa. Sisi tulisimama nje ya kamba. Msimamizi alishika karatasi na kuita majina, na kila aliyeitwa alivuka kamba.

Jina la kwanza lilikuwa la yule msichana wa jinzi. Alipita akitazama chini.

Nikajiambia: hiyo haina maana yoyote, mtu lazima awe wa kwanza. Rafiki yangu wa Utemini akaitwa, akanipigia jicho, akaenda. Wakaitwa wengine na wengine. Kila jina nililidhania langu mpaka silabi ya pili. Kisha karatasi zikaisha mkononi mwake.

"Hao ndio," akasema. "Waliobaki asanteni, safari nyingine."

Waliobaki tulikuwa wachache, na mmoja wao alikwisha kugeuka kuondoka. Nilimtazama msimamizi. Hakunitazama. Hilo ndilo lililoniamulia. Mtu aliyenitania Alhamisi mbele ya foleni nzima, mtani wangu, angeniacha nirudi nyumbani bila neno moja la kunicheka? Mtani angesema. Angesema nirudi kwenye uwele, angesema chochote. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniambia kwamba Jumapili haikuwa utani.

Nilijua nikilalamika nitakuwa binti mkorofi asiye na adabu kwa wakubwa. Nikilia nitakuwa mtoto. Lilibaki lile deni la jibu nililokuwa nalo, na nikaona nililipe wakati wa kusikia wapo.

"Mtani," nikaita kwa sauti ambayo hata mlinzi aligeuka. "Mume wangu, mbona mkeo umemwacha nje ya kamba?"

Kicheko kikaanza huku na huku. Msimamizi akalazimika kugeuka, na akalazimika kutabasamu.

"Na mbona mwenzio unanipa kazi?" nikaendelea. "Alhamisi ulininong'oneza nisije leo, nije kwako jana jioni peke yangu tuongee. Mimi nikawaambia shangazi zangu. Wamesema mtani akialika mmoja amealika ukoo, na kuku wako wanawajua wote kwa rangi. Sasa niambie mbele ya hawa mashahidi, usaili ulikuwa jana kwako au ni leo hapa? Nisije nikawapoteza akina mama wa watu njia."

Watu waliangua kicheko. Rafiki yangu alikuwa amejishika tumbo. Msimamizi naye alicheka, tena kuliko wote, na kutikisa kichwa. "Huyu mtumwa kumbe ana ulimi," akasema. Asingeweza kusema kingine. Mtani akikasirika amejivua nguo mwenyewe.

Yule msichana wa jinzi peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyesikia siri yake ikisemwa na mwingine, kisha akageuza uso upande wa mashine.

Mama mwenye kiwanda alikuwa ametabasamu mwanzoni, maana amezaliwa Singida na utani anaujua. Halafu lile tabasamu likaisha taratibu.

"Alikwambia Jumapili?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Nyumbani kwake?"

"Ndiyo, mama. Jirani na mashine ya kusaga."

Kicheko kikapungua mpaka nikasikia bendera ya plastiki ikipigapiga kwenye kamba.

"Utani tu huo, mama," msimamizi akasema. "Hawa ni watumwa wetu tangu zamani, waulize."

"Utani nausikia tangu nikibebwa mgongoni," akamjibu. "Mimi nauliza karatasi za huyu binti ziko wapi."

Msimamizi akapekua tena zile alizokwisha kuziita, ambazo sote tulizihesabu zikiisha. Akaenda kwenye kibanda cha mlinzi, akakaa huko muda, akatoka nazo. Alisema zilidondoka nyuma ya meza. Hazikuwa na vumbi. Mama mwenye kiwanda alizipokea, akamsogezea injinia, akasema bila kumtazama mtu yeyote: "Usaili ni hapa, leo. Hakuna wa mahali pengine. Yeyote aliyeambiwa vingine aje anione mimi, ofisini kwangu, hata akija na shangazi zake."

Nilijua, hata wakati ule, kwamba nikipata kazi ile nitakuwa chini ya mtu yule, au atakuwa hayupo na ndugu zake watajua ni kwa sababu ya nani. Nilijua namba iliyonipigia Jumapili sitaithibitisha kamwe kuwa ni yake. Kichwa changu kilianza kukusanya yote hayo palepale, kama kawaida yake. Nikainua kamba, nikapita chini yake.

Injinia alisema tutafanya kazi wawili wawili: kufungua mota, kutoa beringi iliyokufa, kuweka nyingine, kurudisha. Rafiki yangu alikuwa ananipungia mkono niende kwake. Nikaenda mwisho wa benchi alikosimama yule msichana wa jinzi, ambaye hakuna aliyekuwa amemchagua.

"Umeshika namba ngapi?" nikamuuliza.

Akatazama spana mkononi mwake. "Kumi na saba."

"Anza wewe na hizo nati za juu," nikamwambia. "Mimi nashikilia huku."